Jirani Asiyekuwepo

"…na kama mimi sipo, haya maji yanayokudondokea uparani ni ya nani?"

"Ni ya mvua!"

"Mvua ipi, na jua lote hili?"

"Basi ni ya jua! Mimi sibishani na mtu niliyekwisha kuthibitisha kwamba hakuzaliwa."

"Ajabu, Abate. Umelowa wewe uliyezaliwa, na aliyekulowesha ndiye hakuzaliwa."

Abate Eliseo Gambarana alikuwa ametokeza nusu ya mwili dirishani, shingo kaipinda kuelekea juu, mkononi karatasi iliyolowa, wino unamtiririka hadi kwenye kiwiko. Kwenye dirisha la juu yake, Bi Gizola alikuwa anakamua shuka. Hakuwa na haraka yoyote. Alikamua, akalikung'uta, akalitandaza kwenye kamba iliyokatiza ua mzima, kisha akachukua jingine.

"Yaondoe hayo mashuka, wewe mama! Hapa chini kuna kazi!"

"Niyapeleke wapi? Vyumba vyangu umevifuta kimoja kimoja, nawe hiyo ndiyo waiita kazi."

Ndivyo alivyokuwa Bi Gizola. Ukimtupia maneno, aliokota lile la mwisho kabisa, akalipuliza vumbi, akakurudishia likiwa na moto wake. Hakuhitaji kuleta neno lake mwenyewe mwishoni, lako lilimtosha. Abate alimchukia kwa hilo kuliko kwa maji. Maji hukauka.

Sasa msinichoke, niwaeleze ugomvi huu umetoka wapi, maana ukiusikia hivihivi utadhani ni mambo ya kamba na mashuka.

Mji huu una jina, lakini jina lenyewe liliandikwa juu ya lango na mvua ikalila, kwa hiyo wenyeji husema tu "huku kwetu". Huku kwetu wanaishi waliowahi kutunga kitu: shairi, wimbo wa harusi, kitabu cha dawa za farasi, barua tamu ya mapenzi. Walikwisha kufa siku nyingi, wengine kwa tauni, wengine kwa kisu, wengine kwa uzee wa kawaida vitandani mwao, na kufa hakukuwazuia kupika wala kugombana. Kodi ya nyumba haipo. Kinachomshikia mtu chumba chake ni kutajwa. Maadamu kuna mahali pametajwa kwamba fulani alikuwepo, mlango wake una bawaba na sufuria yake ina mfuniko. Siku jina lake linapokatwa mahali pa mwisho, huanza kuondoka ngazi za kupandia kwake. Halafu mlango unakuwa mwepesi, unaona ukuta wa upande wa pili kupitia ubao. Halafu majirani wanaacha kumsikia. Mwisho, hata kamba ya nguo inapita mahali palipokuwa na dirisha kana kwamba siku zote ilikuwa inapita hewani.

Na mwenye kalamu alikuwa Abate. Abate kwa maana ya kasisi asiye na kanisa, aliyelelewa na vitabu badala ya waumini. Alizaliwa mtoto wa mtengeneza mishumaa. Baba yake alifungia mishumaa kwa karatasi kuukuu alizonunua kwa uzito, na mtoto alijifunza kusoma kwenye karatasi hizo zenye harufu ya mafuta: nusu ya shairi hapa, robo ya barua pale, jina la mtu bila habari zake, habari za mtu bila jina lake. Akiwa mdogo vile, swali lilimwingia kama kipande cha mfupa kooni: *huyu alikuwa nani?* Wenziwe walikua wakataka mke, farasi, cheo. Yeye alitaka kumeza ule mfupa. Akasoma seminari, akapanda nyumbu kwenda kila monasteri yenye kabati, akafungua vitabu vilivyokuwa makazi ya panya, akawaandikia barua wasomi wa miji ya mbali akiwauliza kama wana habari za huyu, za yule. Kisha akaamua kuandika kitabu ambacho hakuna aliyewahi kukiandika: habari za watunzi wote, tangu wa kwanza aliyethubutu kutunga kwa lugha ya sokoni badala ya lugha ya misa, wamepangwa kwa herufi za majina yao ya ubatizo. Herufi ya kwanza ilimmaliza nywele. Ya pili ilimmaliza meno ya nyuma. Sasa yupo kwenye G.

Msimcheke. Mtu huyu aliwarudisha wengi. Mtaa wa A ulikuwa gofu. Leo ukipita, kila baraza lina watu, mmoja anapiga zeze, wengine wanabishana nani alianza kuandika beti za mistari kumi na minne. Wanamwamkia kwa kuvua kofia. Wanamletea mayai ili awaongezee sentensi. Na ngazi za nyumba yake zimechanganyikiwa na wakati kwa sababu yake: akiwa chini kabisa ni mtoto wa mishumaa, kidato cha kati ni kijana wa seminari mwenye chunusi, akifika juu ni mzee anayetweta. Kila asubuhi huyapanda maisha yake yote kabla ya kifungua kinywa.

Lakini alikuwa na sheria. *Asiye na karatasi ya ubatizo, asiye na kaburi, asiye na shahidi aliyemsikia kwa masikio yake, huyo hakuwepo.* Aliitunga ujanani, baada ya kudanganywa na mji mmoja uliobuni washairi wa kale ili kujipatia sifa, na ilimpatia jina kubwa. Wasomi waliitaja kwa heshima. Ilikuwa sheria safi. Ilikata vizuri.

Na ndiyo iliyomkuta Bi Gizola.

Zama za Bi Gizola, watunzi walikuwa na mchezo: mmoja anatupa shairi, mwenziwe anajibu kwa vina vilevile, na fundi zaidi ni yule anayejibu kwa maneno yaleyale ya mwisho. Kulikuwa na bwana mmoja, Ranieri, mwenye sauti nzuri na majivuno yanayolingana nayo. Ubeti wake, Abate aliukuta kwenye ngozi iliyofunikia kitabu cha hesabu za mvinyo:

*Uso wako ni wa ghali, kiu nimevumilia,*
*sina lepe, sina hali, jina lako nalilia,*
*nijibu, sitaki mali, ni neno nasubiria,*
*au mzuri hajali, jiwe limemwingilia?*

Na chini yake, kwa mwandiko uleule wa mnakili mmoja, jibu:

*Uso huu si wa ghali, na jua huvumilia,*
*hujaniuliza hali, jina tu walililia,*
*neno langu ndilo mali, kaa chini subiria,*
*nani jiwe asojali, zogo likimwingilia?*

Pembeni: *Gizola.* Basi. Hakuna ubatizo, hakuna kaburi, hakuna aliyesema nilimsikia. Na jibu lilikuwa zuri mno kupita swali. Abate alilitazama siku nzima, kisha akaandika hukumu yake: *Mwanamke huyu hakuwahi kuwepo. Ranieri alijitungia swali akajitungia na jibu, kama mtu anayecheza bao kwa mikono yake miwili. Vina vinashuhudia kichwa kimoja.*

Jioni hiyohiyo ngazi za Bi Gizola zilipungua. Tangu siku hiyo anafua nguo zake zote juu ya dirisha la Abate.

"Leo mpiga chapa anafunga ukurasa wako," Abate alisema sasa, na sauti yake ilishuka kidogo, kwa maana hakuwa mtu mbaya. "Ukishapigwa chapa, mimi na wewe hatutagombana tena. Si afadhali?"

Bi Gizola aliacha kukamua. Aliweka mkono kwenye kamba, na Abate akaona kitu ambacho kwa siku kadhaa alikuwa anakwepa kukiona: kamba ilionekana kupitia kiganja. Haikuonekana sana, kama unavyoona tawi kupitia pazia.

"Uliza hao waliokwisha kufutwa," alisema, "kama kutogombana tena ni afadhali."

Abate alirudisha kichwa ndani. Alikaa. Alisimama.

*Ushahidi uko wapi. Sheria ni sheria. Ukimwingiza mmoja kwa huruma, kesho wataingia mia kwa ujanja. Nani atakuamini. Vina vinashuhudia kichwa kimoja. Kichwa kimoja. Lakini mashuka. Mashuka si ushahidi. Karatasi imelowa. Karatasi ikilowa ni ushahidi wa maji. Ushahidi wa maji ni ushahidi wa mkono. Hapana. Mkono unaonyesha kamba. Mkono unaoonyesha kamba ni mkono wa nani.*

Chini uani ikasikika sauti ya Mama Perpetua. Mama huyu aliwahi kutunga kitabu kimoja tu, cha mapishi ya kunde na maharage, na kwa kitabu hicho ana chumba cha chini chenye jiko kubwa kuliko yote huku kwetu. Hakuna kinachopita uani asikijue, na anachokijua hakilali kwake.

"Abate! Hivi utanyamaza lini, baba'angu? Tangu asubuhi unajigombeza! Maharage yangu yanashindwa kuiva kwa kelele!"

Abate akatoa kichwa tena. "Najigombeza? Mimi?"

"Wewe, nani mwingine? Unasema, unajijibu. Unajitukana, unajirudishia. Tena kwa maneno yaleyale! Sisi huku tunasikiliza tunasema, jamani, mzee wa watu vitabu vimempanda kichwani." Akageukia mlangoni. "Fundi Tiburzio, ingia, usiogope, bado haumi watu."

Fundi Tiburzio, mpiga chapa, aliingia uani na fremu yake kifuani kama anavyobebwa mgonjwa, herufi za risasi zimefungwa kwa uzi, tayari. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye maungio. Alisimama katikati ya ua, akatazama juu.

"Abate, shikamoo. Nimeleta ukurasa wa G uuidhinishe, niufunge. Lakini huyu mama ananiambia mambo mazito."

"Ni uzushi!"

"Nimekuwa hapo mlangoni kitambo, na mimi nimesikia. Sauti moja, Abate. Yako. Inauliza, inajijibu." Fundi alisogeza fremu kwenye nyonga. "Unanielewa. Mimi ni mtu wa biashara. Ikisemekana nimechapa kitabu cha mtu anayezungumza na hewa, nani atakiamini hata mtaa wa A? Wale watu wote uliowarudisha, watarudi kuwa magofu."

Huko mtaa wa A, mpiga zeze aliweka zeze lake chini.

"Ila kuna njia," fundi akaendelea, taratibu, kama anayempa mtu kiti. "Sema tu ulikuwa unasoma kwa sauti. Wasomi wana mambo yao. Ulikuwa unafanya mazoezi ya hotuba. Useme hivyo mbele ya Mama Perpetua, kufikia mchana mji mzima utajua, na mimi nafunga ukurasa kama ulivyo."

Ulikuwa uongo mdogo kabisa. Ungeingia mfukoni. Abate alifungua kinywa auseme.

Na hapo, huku kinywa kiko wazi, aliona. Sijui niite ndoto, kwa maana huku kwetu hakuna anayejua mpaka wa ndoto uko wapi. Aliona chumba chake mwenyewe, karne nyingine, na mtu mwenye miwani kama yake ameinama juu ya karatasi zake. Mtu huyo alisoma, akasoma, akageuza. Alikuwa anatafuta. Abate alijua anatafuta nini kwa sababu yeye ametafuta hicho maisha yake yote: mtu mmoja aliyesema nilimsikia. Barua alizoandika Abate zilikuwa nyingi. Zilizojibiwa zilijibiwa kuhusu wafu. Hakuna aliyewahi kumwandikia: jana tulikula naye. Hakuna aliyewahi kumwandikia: ana upara na hasira za mchana. Yule mtu akavua miwani, akapangusa macho, akachovya kalamu. Abate akapiga kelele, *niko hapa, nipo*, na sauti yake ikatoka nyembamba, ikafika kwenye sikio la yule mtu kama mbu, na yule mtu akaipunga kwa mkono.

Maisha yake yote alidhani mtu huwepo kwa kuandikwa. Alivitazama vitabu kama nyumba ambazo ndani yake roho hulindwa dhidi ya mvua. Lakini nyumba isiyobishwa hodi ina tofauti gani na jiwe lenye umbo la nyumba? Ranieri alipotupa ubeti wake hewani alikuwa sauti tu, majivuno yenye mizani. Alipojibiwa ndipo akawa mtu aliyesimama mahali fulani, mbele ya mtu fulani, ameaibika. Jibu ndilo lililomfanya awepo yeye Ranieri. Na nani asiyejua hilo, kila anayeishi uani, kila aliyewahi kugombana na jirani na kesho yake akaazima chumvi? Hakulijua mtu mmoja tu: mtu aliyeishi na karatasi, aliyezoea kuuliza na kunyamaziwa, akakuta watu wawili wanabishana kwa utamu wa ajabu na akadhani ni mmoja, kwa kuwa yeye alikuwa mmoja.

Vina vinashuhudia kichwa kimoja! Ndivyo alivyoandika. Na sasa hapa uani, watu wazima wenye akili zao wamesikiliza ugomvi wake na kutoa hukumu ileile.

"Sikuwa nasoma," alisema.

"Abate," fundi alimwonya.

"Sikuwa nasoma, na sikuwa nazungumza na hewa!" Alishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili. Sauti yake ilipanda hadi ikapasuka. "Ninaye jirani! Anakaa hapa juu yangu! Ananimwagia maji, ananitoa maneno kinywani na kunirudishia kama mawe, na hajawahi hata siku moja kuniacha niseme neno la mwisho! Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Nitaapa kanisani, nitaapa sokoni, nitaapa mbele ya maharage yako, Mama Perpetua! Anaitwa Bi Gizola!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

Juu yake hapakusikika kitu. Nimechelewa, Abate alifikiri. Ile kamba imepita hewani. Hakuthubutu kugeuza shingo.

Kisha, polepole, sauti ikashuka: "Umechelewa kuniita, Abate, lakini umeniita. Bi Gizola."

Mama Perpetua akaangusha mwiko.

"Eee! Kumbe kuna mwanamke! Abate, miaka yote hii, na joho lako hilo, umetufichia mwanamke juu!"

"Sikumficha! Nilimfuta!"

"Wanaume wote husema hivyo hivyo. Bi Gizola! Mwenzangu! Unatumia sabuni gani, mbona mashuka meupe hivyo?"

Fundi Tiburzio alikuwa ameshapiga goti. Alifungua uzi, akatoa kibanio mfukoni, akaanza kuzing'oa herufi za risasi moja moja kutoka kwenye fremu. *Hakuwahi kuwepo* ilianguka kwenye kiganja chake kama meno ya maziwa. Alinung'unika, kwa maana kazi iliyokwisha kufungwa kuifungua ni uchungu, lakini alinung'unika kama mtu anayenung'unikia mvua ya kwanza.

"Niweke nini, basi? Nafasi imebaki wazi. Na sheria yako je?"

Abate alifikiri. Kalamu haikuwa mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuikumbuka.

"Sheria inataka shahidi aliyemsikia. Weka: *Gizola. Alijibu.* Halafu weka shairi lake, na la Ranieri liwe chini ya lake, kwa herufi ndogo."

"Chini? Swali chini ya jibu?"

"Weka hivyo hivyo. Na chini kabisa: *Aliyeandika haya amegombana naye.*"

Herufi ya mwisho ilipokaa mahali pake, nyumba ilitoa mlio kama mtu anayejinyoosha baada ya safari. Ngazi za kwenda juu zilirudi, kidato juu ya kidato, zikiwa na vumbi lake na harufu ya sabuni. Na hazikurudi peke yake. Toka mtaa wa C, toka mtaa wa E, toka kwenye pengo ambamo mitaa ilikuwa haijawahi kujengwa, watu walianza kuja: waliokatwa kwa kukosa karatasi, waliosemekana tu, mama wa nyimbo za kubembeleza ambaye jina lake limebaki nusu, mkata mawe aliyetunga mzaha mmoja ukapendwa hadi ukamsahau. Wengine sura zao zilikuwa bado hazijakamilika, pua ipo, macho yanakuja. Walibeba vigoda vyao. Hawakuja kumlaumu Abate. Walipita wakamwambia "samahani, tupishe," wakapanda, kwa maana habari zilikwisha kufika kwamba juu kuna mtu aliyerudi, na Mama Perpetua anapandisha sufuria.

Abate aliwafuata. Kidato cha chini hakikumfanya mtoto wala cha kati kijana. Alipanda akiwa na umri wake tu, magoti yakilalamika, huku kichwani akihesabu kazi iliyomkalia mbele: kurudi A, kurudi kwa kila mtu aliyemkata, aulize upya, na safari hii aulize majirani. Haingeisha. Asingevuka herufi ya D, pengine. Alishangaa kuona wazo hilo linamchekesha.

Mlango wa Bi Gizola ulikuwa wa mti mzito, haupenyezi hata mwanga. Ulikuwa wazi. Ndani, watu walibanana hadi kwenye kitanda. Wawili walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu nani alikuwa kipenzi cha nani enzi zile, Mama Perpetua akitoa hukumu huku akigawa, Fundi Tiburzio akitafuta mahali pa kufutia vidole. Ranieri mwenyewe alikuwa kwenye kona, amenunishwa na herufi ndogo, bakuli mapajani.

Abate alisimama nje ya kizingiti. Hakujua mtu hufanyaje hapo. Alikuwa ameingia kwenye makabati, kwenye makaburi, kwenye vyumba vya chini vya watawa; nyumba ya jirani wakati wa chakula hakuwahi. Mikono yake ilitafuta karatasi ya kushika, haikuipata, ikabaki inaning'inia.

Bi Gizola alimwona. Alikuwa mtu mnene, mwenye uso uliochomwa na jua, mikono iliyokunjamana kwa maji, na kupitia mikono hiyo hakikuonekana kitu. Alimtazama tangu upara hadi viatu. Kisha akamsukuma mshairi mmoja mabegani, akamwambia ajisogeze, na yule akajisogeza, na benchi zima likajisogeza, hadi kwenye ncha pakapatikana upana wa mtu mmoja mwembamba.

"Wewe, mbona umesimama? Ingia ukae hapa, ule na watu."